Kokoto za Baba

Asubuhi ya Jumanne, kabla basi la shule halijafika, nilikuwa nje napaka nyasi rangi.

Ndiyo, rangi. Inauzwa kwenye chupa, unaichanganya na maji, unaitia kwenye bomba la kupulizia, unapita nalo taratibu kama unapulizia mbu. Nyasi zilizokufa zinakuwa kijani mpaka mvua inyeshe, na kwetu San Antonio mwaka huu mvua imetusahau. Mtaani nusu ya watu wanapaka. Ukiwauliza, hakuna hata mmoja anayepaka.

Kwa ambaye hakunisoma wiki iliyopita, niseme kwa kifupi. Baba yangu, Dwain Prokop, fundi wa viyoyozi, alianguka mwezi wa nane nyuma ya mashine ya kukata nyasi. Moyo. Daktari akasema asisukume kitu, asibebe kitu, asikae juani. Jamaa wa mtaani anayekata nyasi kwa malipo alikuwa ameshapandisha bei mara mbili kiangazi hicho hicho, kwa hiyo nikasema nitakata mimi. Baba akachomoa plagi ya mashine, ile ya kuwashia injini, akaitia mfukoni.

"Binti yangu asukume mashine, majirani wananitazama nimekaa kama gunia? Haiwezekani."

Halafu siku mimi na mama tukitoka, anairudisha plagi anakata mwenyewe. Tulimkuta mara mbili amekaa chini, mgongo ukutani, shati limelowa, anasema anapumzika tu.

Ndipo tukang'oa karibu nyasi zote za mbele ya nyumba. Tukamwaga kokoto, tukapanda mkonge mfupi, kaktasi, na vichaka vya maua ya zambarau visivyotaka maji wala mashine. Tuliomba ruhusa kwanza, maana mtaa wetu wa Pecan Hollow una chama cha wenye nyumba, na bila chama huwezi kubadilisha hata rangi ya mlango. Kanuni inasema kamati isipojibu mwezi mzima, umeruhusiwa. Hawakujibu. Baba akanunua keki, tukang'oa.

Kumbe hawakujibu kwa sababu ombi letu halikuwa na saini za majirani wa pande mbili. Ombi lisilotimia, kwao, ni sawa na halijafika. Na kanuni inataka nusu ya mbele ya nyumba iwe nyasi hai.

Jumanne hiyo jioni baba alikuwa ameitwa mbele ya kamati. Nyasi zikirudi, baba naye anarudi nyuma ya mashine. Nilikuwa siwazi kingine.

Kando ya barabara tulikuwa tumebakiza ukanda mwembamba wa nyasi, na ulikuwa umekauka kama mkate wa juzi. Nikaona wanakamati wakipita kutazama wakute angalau kitu cha kijani. Baba na mama walikuwa bado ndani. Hakuna aliyenituma.

Saini moja tulishapata, ya Bwana Trinh wa kushoto. Iliyobaki ni ya Bi Lurleen wa kulia, mjane, anaishi na mbwa wake Prissy, mweupe kama pamba. Mimi ndiye huwa namlisha Prissy Bi Lurleen akisafiri. Alikuwa amemwambia mama asubuhi hiyo atakuja kusaini.

Na kweli akaja. Karatasi mkononi, kalamu sikioni, Prissy mbele.

"Tessa, mwanangu, hujambo? Baba yako kaamkaje?"

Nikataka kusema simama hapo, rangi bado mbichi. Lakini mimi nikishtuka ulimi unalala. Nikainua tu mkono, kama askari wa barabarani.

Bi Lurleen akanipungia na yeye.

Prissy akaingia kwenye ukanda na miguu yote minne. Akanusa, akazunguka, akalala chali akajisugua mgongo. Alipoinuka alikuwa kijani upande mmoja, mweupe upande mwingine. Halafu akafanya kile mbwa wote hufanya wakisikia raha. Akakimbilia kwao.

Mlango wa Bi Lurleen ulikuwa wazi. Ndani kuna zulia la rangi ya maziwa, mabaki ya ndoa yake, na kwenye zulia hilo hata mchungaji huvua viatu.

Bi Lurleen akaona nyayo za kijani kwenye saruji yake. Akazifuata kwa macho mpaka mlangoni.

"Hiyo ni nini?"

"Rangi," nikasema. Nadhani nilisema. Inawezekana nilichezesha midomo tu.

"Mmeweka mawe, nikanyamaza. Mmeweka miiba, nikanyamaza. Sasa na sumu?"

"Sio sumu, Bi Lurleen. Kwenye chupa wameandika—"

"Atajilamba yule."

Hapo baba akatokea barazani na kikombe cha kahawa. Akaniona na bomba. Akamwona Bi Lurleen. Akamwona Prissy, ambaye alikuwa ametoka tena kututazama, nusu kijani, ulimi nje.

Baba akacheka.

Sijui niwaambieje. Tangu mwezi wa nane baba hajacheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika, mpaka akashika nguzo ya baraza. "Lurleen, angalau wewe una kitu cha kijani mbele ya nyumba," akasema. Mimi nilimtazama nikasikia raha tumboni, raha kabisa, na huku namwona Bi Lurleen akiikunja ile karatasi.

"Nilikuwa nimeshika kalamu, Dwain."

"Lurleen, natania tu."

"Cheka. Cheka vizuri. Jioni utacheka na kamati."

Akaondoka. Baba akaacha kucheka kidogo kidogo, kama feni iliyozimwa.

"Nani amekutuma kupaka?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi nenda shule, mama. Usikonde."

Shuleni siku hiyo sikusikia somo hata moja.

Jioni tukaenda ukumbi wa bwawa la kuogelea, mimi na baba. Mama alikuwa zamu, anauguza wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Viti vya plastiki, donati mezani, jagi la chai ya barafu. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Nadhani habari za mbwa zilikuwa zimefika.

Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Eubank, mstaafu wa jeshi la anga, yule anayezunguka mtaani na kigari cha gofu akitazama mapipa ya taka. Nilikuwa namwogopa tangu mdogo. Jioni hiyo alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha zaidi.

"Dwain, mimi binafsi mawe yako nayapenda. Mke wangu pia. Lakini saini ziko ngapi?"

"Moja."

"Lurleen?"

Bi Lurleen alikuwa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. "Sina la kusema," akasema. "Mbwa wangu nimemwogesha mara tatu, bado ana rangi ya mchicha."

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Bwana Eubank akagonga meza kidogo. "Haya. Bila saini ombi limekufa. Lakini Dwain, kuna mlango mwingine. Kuna kipengele cha ugonjwa. Nyumba isiyo na mtu mwenye uwezo wa kutunza nyasi, kamati inaweza kuiachia kokoto zake. Mimi niko tayari kupiga kura ya ndiyo sasa hivi. Unatakiwa tu useme hapa, mbele ya wanachama."

Baba akatazama donati.

Nilikuwa namwomba kimoyomoyo. Sema, baba. Sema moyo. Neno moja tu.

"Mgongo unanisumbua," baba akasema.

"Mgongo?"

"Mgongo."

"Mgongo tu?"

"Mgongo tu, Eubank. Unataka nivue shati?"

Kutoka nyuma mtu akasema kwa sauti ya kusikika, "Juzi juzi kanitengenezea kiyoyozi kalala darini kutwa nzima. Leo mgongo."

"Mgongo wa kuchagua," mwingine akadakia.

Baba akawa mwekundu, kuanzia kwenye kola kupanda juu. Mimi naujua wekundu ule. Ndio ule aliokuwa nao siku tulipomkuta ukutani. Mkono wake ukapanda kifuani, akaushusha haraka, akajifanya anatafuta kalamu.

Bwana Eubank akainama mbele. "Dwain, nisaidie nikusaidie. Nyumbani kwako hakuna mtu mwingine anayeweza kusukuma mashine? Hakuna kabisa?"

Swali lile lilikuwa mlango, alikuwa ameushikilia wazi tuingie. Leo naliona hivyo. Dakika ile mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia wanamwita baba yangu mvivu mbele ya watu, nilisikia wanataka avue shati, na nikaona ule mkono. Nikataka waache kumuuliza. Basi.

Nikasimama.

Mimi ni yule ambaye mwalimu akiniita naangusha kalamu ili niiname. Nina miaka kumi na sita na sijawahi kuagiza chakula mwenyewe mgahawani, huwa namnong'oneza mama. Lakini nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua:

"Nipo mimi. Mimi nitakata. Nina nguvu, nitakata kila wiki."

Halafu, jamani, wakanipigia makofi.

Walipiga kweli. Mama mmoja akafuta macho. Yule wa nyuma akasema, "Huyo ndiye mtoto." Na mimi mjinga nikasikia joto zuri usoni, nikadhani nimeshinda.

Bwana Eubank pekee hakupiga. Alivua miwani, akaisugua kwa tai muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "nisingeuliza kama ningejua utajibu."

Akageukia wenzake wawili wa kamati, wakanong'ona. Kisha akasoma uamuzi bila kututazama. Nyumba ina mtu mwenye uwezo. Kipengele cha ugonjwa hakihusu. Kokoto zitolewe, nyasi zirudi ndani ya wiki mbili.

Kwenye gari baba hakuwasha redio. Alishika usukani mikono yote miwili na gari limesimama.

"Ulikuwa unanisaidia," akasema.

"Ndiyo."

"Najua. Basi usinisaidie tena mbele za watu, Tessa. Sawa?"

"Ulikuwa unashika kifua."

"Sawa?"

"Sawa."

Mama aliporudi na kusikia, hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kazini. "Kwa nini hukusema tu, Dwain," alikuwa anasema. "Neno lenyewe fupi." Baba akajibu kwamba ukishasema vile Pecan Hollow, kesho yake wanakuletea bakuli za chakula na hakuna anayekuita tena kutengeneza kiyoyozi. Mama akasema bakuli za chakula zinaletwa pia msibani. Baba akaenda kulala.

Jumatano na Alhamisi baada ya shule, mimi na mama tulizoa kokoto. Baba tulimkalisha kwenye kiti chini ya paa la kuegeshea gari, na mwavuli.

"Kushoto bado," anaelekeza. "Renata, unazoa kama unapakua wali wa wageni."

"Wewe nyamaza, msimamizi wa barabara," mama anamjibu.

Mkonge tuliuhamishia nyuma ya nyumba. Mikono yangu ilichubuka, sikuona uchungu. Nusu ya kokoto zikatoka. Nyasi za mikeka, zile zinazokatwa na udongo wake na kukunjwa, baba alikuwa ameziagiza zije Jumamosi. Jumamosi mama hana zamu, Bwana Trinh angerudi kutoka kwa mwanawe Houston, tungetandika wote kwa asubuhi moja. Baba alikubali kukaa kwenye kiti. Aliapa. Mama alimwekesha mkono juu ya Biblia, na baba akasema hii imezidi, lakini akaweka.

Nikajipa moyo. Kukata nitakata mimi, sasa hata chama kinajua ni kazi yangu, baba ataona haya kuchomoa plagi. Nilifika mahali pa kuwaza hivyo.

Ijumaa nilikuwa kantini, sinia mbele yangu, simu ikatetemeka.

Ilikuwa picha kutoka kwa baba. Rundo la mikeka ya nyasi juu ya ubao wa mizigo limesimama kwenye saruji yetu, refu kuliko gari. Chini ameandika, "Zimefika mapema. Lori lilikuwa linapita huku."

Nikaandika, "Usiguse. Kesho tupo wote."

"Kesho zitakuwa supu. Zikirundikwa kwenye joto hili zinapikana zenyewe. Nimetia mkono katikati, moto kama oveni."

"Zimwagie maji."

"Leo si zamu ya nyumba yetu kumwagilia, maji ni ya mgawo. Eubank anapita."

"Waambie wazirudishe."

"Dereva keshaondoka. Na hela ya kununua nyingine hatuna, mama."

"Baba uliapa."

"Naanza na za kivulini. Polepole. Kula chakula chako."

Kivuli chenyewe ni cha lile paa la kuegeshea gari, na chini yake hakuna udongo, ni saruji tupu. Kokoto zilizobaki zote ziko juani. Ili atandike mkeka wa kwanza inabidi kwanza azoe. Hiyo alijua yeye, na mimi nilijua.

Nikaandika, "Ningoje. Naomba ruhusa sasa hivi nakuja."

Hakujibu.

Nikampigia. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, nikasikia sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu, sauti ya zamani, nene, kabla ya mwezi wa nane: umempata Dwain wa viyoyozi, kaa kwenye ubaridi, nitakupigia.

Simu ya mama inafungiwa kabatini wakiwa zamu. Nikapiga mapokezi ya kazini kwake. Dada wa mapokezi akasema yuko bafuni na mgonjwa, akitoka atamwambia. Nikasema ni haraka. Akasema, "Paza sauti, mpenzi, sikusikii." Nikarudia. Akasema sawa, sijui kama alisikia.

Nikaenda ofisini kuomba ruhusa ya kuondoka. Mama wa ofisi akasema bila mzazi kupiga simu hanifungulii geti. Nikamwambia mzazi hapokei. Akaniambia basi nijaribu tena baada ya chakula.

Nikarudi kwenye sinia langu. Kuna namba ya dharura. Niliibonyeza yote, kidole kikabaki juu ya kitufe cha kijani. Nikaliona kichwani gari la wagonjwa linaingia Pecan Hollow na king'ora, watu wote barazani, na baba amekaa tu kwenye kiti chake anakunywa chai, ananitazama vile alivyonitazama kwenye gari. Usinisaidie tena mbele za watu. Sawa? Sawa. Nikaifuta.

Saa ya ukutani ya kantini ilikuwa inasema mchana katikati. Nje, kwenye uwanja wa magari, lami ilikuwa inameta kama ina maji.

Ilibaki namba moja. Ya mtu ambaye dirisha lake la jikoni linatazama moja kwa moja mbele ya nyumba yetu, na ambaye tangu Jumanne akituona anafunga pazia.

Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikatuma hivi:

"Bi Lurleen, ni Tessa. Samahani kwa Prissy, kosa ni langu, sio la baba. Baba anaumwa moyo, mgongo hauna kitu. Yuko nje anazoa kokoto peke yake na hapokei simu. Naomba uchungulie tu dirishani uniambie kama amesimama."

Chini yake pakatokea: imefika. Baada ya muda pakabadilika: imesomwa.

Kengele ikalia. Watu wakainuka na sinia zao, viti vikakwaruza, kantini ikabaki na mimi na yule mama wa kufuta meza. Akafuta meza zote, akafika kwangu, akasimama na kitambaa.

"Huendi darasani leo?" akaniuliza.

Nilikuwa natazama simu, na simu haikusema kitu.